Masta wa Ghorofani Bondeni

Kila siku tulimkuta amekwisha kufika, amesimama dirishani, anaitazama njia ya mtaa wa Bondeni kama msomaji aliyezama katika gazeti. Hakugeuka tulipoingia. Tulisema, "Masalkheri, Masta," naye akaitikia huku macho yake yako kule chini, kisha akauliza swali la kwanza kabla hatujapata pa kukaa.

"Muuza madafu amehama. Jana alikuwa mbele ya msikiti, leo amekuja kuweka yake ubavuni mwa muuza madafu mwenziwe. Mtu ana njia nzima ya kuchagua. Kwa nini amfuate mshindani wake?"

"Amefuata kivuli, Masta."

"Kivuli kipo na kule msikitini. Lingine."

Tukabishana mpaka jasho likatutoka, na tulipotanabahi, ubao ulikuwa umejaa na somo la siku hiyo, habari za wauzaji wanaowania wanunuzi wale wale, lilikuwa limekwisha kupita. Ndivyo alivyosomesha. Sikumbuki hata siku moja aliyotuambia, "Leo tutasoma jambo fulani." Alitushika mkono akatuingiza, na tulipotazama nyuma tuliona tumeshavuka.

Masta ndilo jina tulilomwita, na ndilo nitakalolitumia hapa. Mji mzima ulimwita hivyo. Hata dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja na ambaye sisi tulimwita Bai, alimwita Masta alipomkasirikia. "Masta, chai yako imepoa tena," alikuwa akisema kutoka mlangoni, na sauti yake ilitosha kumfanya yule mtu asiyeogopa kitabu chochote aketi na kunywa kama alivyoamriwa.

Asubuhi alisomesha katika shule ya Wahindi. Alasiri alikuja kwenye chumba cha ghorofani, juu ya duka la vyombo la binamu yake, ambapo mafundi walifua masufuria na sinia mchana kutwa. Humo ndimo alimotutayarisha kwa mtihani wa juu wa uchumi, ule uliotoka Uingereza ukiwa umefungwa kwa lakiri. Siku zile kila watu walikuwa na shule yao katika kisiwa cha Mombasa: Wazungu yao, Wahindi yao, Waarabu yao, Waafrika yao. Hapakuwa na mlango mmoja ambao sote tungeweza kuuingia kwa pamoja, ila ule wa ngazi za kando ya duka la vyombo.

Wengi walianza, tukasalia watatu. Mimi nilikuwa kijana wa Kuze, katika Mji wa Kale, niliyekuwa nikimalizia masomo yangu ya sekondari. Zehra alikuwa binti wa mwenye duka la vitambaa hapo hapo Bondeni. Baba yake alimruhusu kusoma kwa sharti kwamba Bai awepo, na Bai akawepo, akichambua mchele pembeni na kusikiliza kila neno. Wa tatu alikuwa Danieli, Mtaita, Mkristo, karani wa bandarini aliyehesabu shehena upande wa Mbaraki. Alikuwa ametoka shuleni kabla ya kumaliza kwa sababu baba yake alifariki, na sasa alitaka kumaliza kwa njia hii. Alikuja na mavumbi ya gati bado yako viatuni.

Masta alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye koti refu jeusi na kofia nyeusi, na makubadhi ya ngozi yaliyomlilia kila alipokanyaga. Makubadhi yale yalikuwa mabaya. Yalikatika kanda mara kwa mara, naye akarudi kwa fundi yule yule akanunua mengine yale yale. Zehra ndiye aliyethubutu kumuuliza.

"Masta, watufundisha kwamba mtu huchagua lililo bora kwa pesa zake. Yule fundi hana bora. Kwa nini hununui kwingine?"

Masta akayatazama makubadhi yake kama aliyeyaona kwa mara ya kwanza. "Yule fundi huniuliza hali yangu, hali ya dada yangu, na hali ya wanafunzi wangu, na hungoja jibu," alisema. "Fundi mwengine ana kanda nzuri lakini hangoji jibu. Mimi nanunua vyote viwili kwa pamoja, kiatu na salamu."

"Kwa hivyo salamu ni bidhaa?" aliuliza Danieli.

"Andikeni ukurasa mmoja. Ndiyo, au la, na kwa nini."

Hakuna jambo aliloliacha lipite bure. Hakuudhika na jibu baya. Lililomuudhi ni jibu zuri lililokaririwa. Nililijua hilo mapema, kwa kuonjeshwa. Niliwahi kusimama nikatoa maana ya mahitaji kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, bila kukwama. Nilitegemea sifa. Masta akasikiliza nyundo za chini, halafu akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "Hayo ni ya mwenyewe aliyeyaandika. Mrudishie. Sasa nipe yako, kwa Kiswahili, na mfano wa Kuze."

Nikababaika. Nikasema habari za watu wanaotaka samaki. Akaniuliza ni watu gani, wenye nini mkononi, siku gani, na samaki huyo ni nguru au dagaa. Kila nilipojibu, akanipokonya neno moja la ovyo. Mwisho nilibaki na sentensi fupi, kavu, yangu mwenyewe. "Hiyo sasa itie Kiingereza," akasema, na Kiingereza chenyewe kikaja bila kusukumwa. Sikukariri tena.

Alikuwa na neno lake moja alilolitumia kila mahali: "mengine yakikaa yalivyo." Bei ikipanda, watu watanunua kidogo, mengine yakikaa yalivyo. Mvua ikikosekana bara, mahindi yatapanda, mengine yakikaa yalivyo. Akaligeuza likawa la nyumbani na la njiani. Zehra alimuuliza kama tutafaulu. "Mtafaulu," alisema bila kusita, "mengine yakikaa yalivyo." Hakusema "inshallah" mahali hapo, na Bai akamsemea yeye kutoka pembeni.

Siku ya kutufundisha kwamba raha ya kitu hupungua kadiri unavyozidi kukitumia, Masta alileta halwa, sinia nzima, ya mtengenezaji aliyesifika. Akamchagua Danieli awe ndiye mlaji. Sisi wengine tulikuwa na kazi ya kuchora: kila kipande anachokula, yeye aseme raha yake ni kiasi gani, nasi tutie alama. Mstari ulipaswa kuteremka.

Danieli akala kipande cha kwanza, akafikiri. "Kiasi," akasema. Akala cha pili. "Hiki kimezidi." Cha tatu kimezidi cha pili. Cha nne akafumba macho. Mstari wetu ulipanda kama ngazi za duka.

"Danieli," alisema Masta, "wewe watufanyia mzaha?"

"La, Masta. Sijawahi kula halwa maishani mwangu. Kipande cha kwanza sikujua ni nini. Sasa ndio naanza kuijua."

Bai alicheka hadi mchele ukamwagika. Nilidhani Masta atakasirika, maana alikuwa amegharimika na mchoro umeharibika. Badala yake uso wake uliwaka kama wa mtu aliyeokota kitu cha thamani. Akafuta ubao wote. "Nimesomesha mchoro ule tangu sijaota ndevu," alisema, "na sikuwahi kuuliza kama mlaji anakijua chakula. Haya, tusaidieni. Kanuni imevunjika, au kuna sharti tulilolisahau?" Tulikaa na swali hilo mpaka adhana ya magharibi. Danieli aliendelea kula, na hatimaye, kwa heshima, akasema kipande hiki hakina tofauti na kilichotangulia. Masta akatia alama kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa na desturi nyingine: kila tulichojifunza, tukamfundishe mtu nyumbani, kisha tuje na swali lake. Si letu, lake. Mimi nilimfundisha mama. Mama alishona kofia za kiua, zile nyeupe zinazotariziwa kwa mkono, kama walivyoshona majirani zake wengi, na alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimchorea mistari miwili juu ya karatasi, huu wa wanunuzi na huu wa wauzaji, nikamwonyesha inapokutana, nikamwambia hapo ndipo bei inapopatikana.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Nambia, mwanangu. Bwana anunuae kofia hapa Kuze ni mmoja. Yuwaja, yuwatazama, yuwanipa apendacho, na nikikataa yuwenda mlango wa pili. Mimi nimo wapi katika mistari hiyo?"

Nililipeleka swali kwa Masta. Alitembea na makubadhi yake yakilia, kisha akasema, "Mama hayumo katika mistari hiyo kwa sababu mimi nimewapa mchoro wa soko la wanunuzi wengi. Kwa mama mnunuzi ni mmoja na washonaji ni wengi, na kila mmoja auza siku amalizayo. Mnunuzi wa namna hiyo hahitaji kuwa mwovu. Akae tu kimya, bei itateremka yenyewe. Mwambie hivi: nguvu ya mnunuzi huyo ni kwamba wao hawawezi kungoja. Siku watakapoweza kungoja, mistari itasogea."

Nilimfikishia. Mama alisema "aah," akakata uzi kwa meno, na mimi nikadhani yameishia hapo.

Baada ya siku kadhaa, mwenye kununua kofia alipanda ngazi za Bondeni, akivuta pumzi. Alikuwa mtu mzima, tajiri, mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Baada ya salamu zote kukamilika na hali zote kuulizwa, alisema, "Masta, wewe ni mtu wa heshima zako. Kwa nini wawachochea wanawake wa Kuze?"

"Nimewachochea vipi, bwana?"

"Hawaniuzii. Kila mlango nipigao hodi naambiwa ningoje Idd ikaribie. Kofia wanazo, naziona zimepangwa. Nikiuliza ni nani aliyewaambia, wanambia ni mistari ya Masta."

Masta akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Na Idd ikikaribia, utanunua?"

"Nitafanyaje? Watu watataka kofia."

"Kwa bei watakayo wao?"

Bwana akapokea kikombe kwa Bai.

"Basi hawakuchochewa," alisema Masta. "Wamefikiri. Ukitaka shauri langu, nenda leo, uwape bei iliyo katikati ya yako na ile ya Idd. Wao watapata pesa bila kungoja, wewe utapata kofia bila kukimbizana. Sote tunahitaji kulala."

Yule bwana alikaa kidogo, akanywa chai ya Bai, akashuka. Akaenda akatoa bei ya katikati, na tangu hapo ikawa ndiyo bei ya Kuze. Mama hakusema lolote isipokuwa kunituma nimpelekee Masta kofia moja ya kiua, aliyoichagua yeye mwenyewe. Masta aliipokea kwa mikono miwili. Hakuivaa, maana hakuwa mtu wa kofia nyeupe, lakini aliiweka juu ya rafu ya vitabu, na mgeni akiuliza alisema ni zawadi ya mwanauchumi.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na kiburi. Aliamini kwamba mtu mwenye akili timamu, akielezwa vizuri, lazima akubali, na asiyekubali basi hajaelezwa. Alibishana na karani wa posta, na imamu, na fundi wa saa. Alitufundisha kwamba wakati ni kitu adimu kuliko vyote, na yeye mwenyewe aliupoteza kwa kushindwa kuchagua kitambaa cha koti, mpaka baba yake Zehra akamkatia kimoja bila kumuuliza. Tena alikuwa mwoga wa jambo moja: watu wengi waliokusanyika. Harusi aliziingia na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mpira hakutazama. Alisema kelele za nyundo anazimudu kwa sababu kila nyundo ina kazi yake, lakini kelele za watu hajui zinaelekea wapi.

Mtihani ulipokaribia, nyumba zetu zilijaa dua. Bibi yangu alimwendea shekhe akaniandikia kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikayeyushwa kwa maji ya waridi, ninywe asubuhi ya mtihani. Nilimweleza Masta nikiona haya kidogo. "Kunywa," alisema. "Kisha soma swali mara mbili." Danieli naye alisema mchungaji wao amemwombea kanisani. "Vizuri. Nawe soma mara mbili."

Siku moja ya wiki hizo za mwisho alitufungia vitabu mapema. Alikaa juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikizeni," alisema. "Atakayesahihisha karatasi zenu yuko mbali, Uingereza kwenye baridi. Atapata namba. Hatajua baba yako ni nani, wala dini yako, wala ngozi yako, wala ulipanda ngazi gani. Katika koloni hii hampimwi na yeyote asiyejua hayo kwanza. Hii ni nafasi moja ya kuhukumiwa kwa mlichoandika tu. Mimi sina wasiwasi nanyi. Nimewaona mkifikiri. Nendeni mkafikiri mbele yake."

Bai aliacha kuchambua mchele. Nilishuka ngazi jioni ile nikijiona mrefu.

Lakini mengine hayakukaa yalivyo. Januari, mtihani ukiwa mlangoni, wafanyakazi wa mji waligoma. Bandari ilinyamaza, reli ikanyamaza, mahoteli yakafungwa, hata watumishi wa majumbani wakaondoka. Watu walikusanyika uwanjani Majengo kila siku, maelfu kwa maelfu, wakizungumza habari za mishahara. Danieli alikuwa miongoni mwao. Hakuja Bondeni. Siku moja kabla ya karatasi ya uchumi, alileta ujumbe kwa mdomo wa jirani yake: hatafanya mtihani. Ukumbi ulikuwa katika jengo la serikali. Yeye, akionekana amevaa tai akiingia humo wakati wenzake wako juani, ataitwa msaliti, na huenda wakawa na haki.

Masta aliusikiliza ujumbe ule mpaka mwisho. Akavaa kofia yake. "Twende," akaniambia.

Tulikwenda kwa miguu, maana hapakuwa na basi. Tulipoukaribia uwanja na kuusikia ule mvumo, nilimwona akipunguza mwendo. Mkono wake ulishika kiwiko changu, ukabana. Lakini makubadhi yake yaliendelea kulia, hatua baada ya hatua, mpaka tukasimama mbele ya vijana wenye fimbo waliolinda njia ya kuingilia. Aliomba kuonana na mkubwa wao. Akaja mtu mmoja mfupi, kuli wa bandarini, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Nyuma yake alikuja Danieli.

"Mzee, unataka nini hapa?" aliuliza yule mkubwa. "Duka lako tumelipita bila kuligusa."

"Sina duka. Mimi ni mwalimu wa huyu," alisema Masta. "Kesho ana mtihani. Nimekuja kuomba ruhusa kwenu, si kwake."

"Sisi tumegoma kazi."

"Nami nauliza, kazi ni nini? Kazi mliyoigomea ni ile ambayo mkiifanya, tajiri hupata. Huyu akikaa akaandika mtihani, ni tajiri gani atakayepata? Hakuna mzigo utakaopanda melini. Hakuna treni itakayokwenda."

"Lakini watu watamwona anaingia kwa serikali."

"Watamwona, ndiyo. Hapo sina jawabu. Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Yule mkubwa alimgeukia Danieli. "Wewe mwenyewe unataka kwenda?"

Danieli alijibu polepole. "Nataka. Lakini sitaki kwenda nikijificha. Mkisema nisiende, nitakaa hapa nanyi."

Mtu yule alikuna kidevu. Akawauliza wenzake wawili watatu kwa lugha ya kwao, wakajibizana. Mwisho akamwambia Masta, "Atakwenda. Watu wetu wawili watamsindikiza hadi mlangoni, ili kila mtu aone kwamba tumemtuma sisi. Na akitoka, arudi hapa."

"Atarudi," alisema Danieli.

Masta alimshukuru kwa Kiswahili kirefu cha Mombasa, chenye dua ndani yake. Tulipofika mbali, aliketi juu ya baraza ya watu asiowajua, akaomba maji. "Ule ni umati mkubwa," alisema, na hakurudia tena habari hiyo.

Kesho yake Danieli alifika akiwa katikati ya wanaume wawili wenye fimbo. Msimamizi, Mzungu mmoja mzee, alitoka nje ya ukumbi akawatazama. Mmoja wao akamwambia, "Tumemleta," wakageuka wakaondoka. Zehra alikuwa tayari ameketi, ameshika kalamu mbili. Mimi nilikuwa na ladha ya zafarani bado mdomoni. Karatasi ikafunguliwa.

Swali moja liliuliza kwa nini mishahara ya mahali fulani huweza kukaa chini, hata pale kazi ya watu inapoleta mapato makubwa. Nililisoma mara mbili. Nikamtazama Danieli mgongo wake, nikamwona ameanza kuandika bila haraka, kama mtu anayejaza hati za shehena. Baadaye alitueleza alichoandika. Alianza na wanawake washonao kofia katika mji mkongwe, na mnunuzi wao mmoja, na ule uwezo wa kungoja. Alieleza nguvu inakotoka na inavyovunjika. Ndipo akaingia bandarini. Hakutaja mgomo. Aliandika tu kwamba mwajiri mmoja na wafanyakazi wasioweza kungoja ni mchoro ule ule. Alipomaliza, alivua tai, akarudi Majengo.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Sote tulifaulu, na Danieli akatupita kwa mbali. Masta alisoma majina yetu mara moja, akakunja karatasi, akasema, "Ndivyo," kama mtu aliyeletewa chumvi aliyoiagiza. Bai ndiye aliyelia. Zehra alipata kazi ya kusomesha wasichana, na baba yake, aliyekuwa amemwekea mchumba, alimwambia mchumba angoje. Danieli aliacha ukarani akaenda kufanya kazi ya kuwasemea wenzake wa bandarini, na nilisikia kwamba katika mazungumzo na waajiri alikuwa mtulivu kuliko wote mezani, na mgumu kuliko wote kumshinda.

Mimi nikawa mwalimu. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa msaidizi katika shule moja kisiwani, na mkubwa wangu akanipa zamu ya kusimamia mitihani ya watu wazima wasomao peke yao, wale wanaotafuta shahada bila kuingia chuoni. Nilikuwa sijamwona Masta kwa muda mrefu. Nilisikia ameacha kusomesha, na kwamba macho yanamsumbua.

Niliingia ukumbini na bahasha, nikaanza kugawa karatasi. Watahiniwa walikuwa wachache: makarani, Mgoa mmoja wa forodha, mtawa wa Kizungu. Katika safu ya mwisho, karibu na dirisha, alikaa mzee mwenye koti refu jeusi na miwani minene, amepanga kalamu zake sambamba. Nilipomwekea karatasi aliinua uso. Alikuwa Masta. Sheria ilikuwa kwamba msimamizi hasemi na mtahiniwa. Naye aliijua sheria. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtahiniwa yeyote, nami nikapita.

Sikuwahi kujua kwamba hakuwa na shahada. Hatukuwahi kuuliza. Kwa saa zile zote nilitembea kati ya meza, na kila nilipofika safu ya mwisho nilipunguza mwendo. Aliandika akiwa ameinama sana, pua karibu iguse karatasi. Mara moja aliinua mkono. Nikamwendea.

"Bwana msimamizi," alisema kwa sauti ya chini, "naomba karatasi nyingine."

Nikampa. Alinishukuru.

Muda ulipokwisha nikakusanya karatasi, nikatia lakiri, nikakabidhi. Nilipotoka nilimkuta anangoja barazani, jua likimpiga usoni.

"Swali la tatu," alisema kabla sijamaliza salamu. "Wewe ungelijibu vipi?"

Tukashika njia kuelekea Mji wa Kale tukibishana. Alinieleza alivyojibu, na nilimsikiliza, na alipofika kati nikaona mahali ambapo hoja yake ilikuwa imeruka. Nilisita. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwamba kuna vitabu vipya, kwamba siku hizi jambo lile linaonyeshwa kwa njia nyingine, na kwamba mstari wake wa pili haukupaswa kuanzia pale alipouanzisha.

Masta alisimama. Tulikuwa katika kichochoro chembamba, ukuta huku na ukuta huku.

"Hilo sikuliona," alisema.

"Ni dogo, Masta. Huenda hata msahihishaji asiliangalie."

"Sikuuliza ukubwa wake. Nichoree."

Sikuwa na chaki. Niliokota kipande cha mkaa mlangoni mwa nyumba moja, nikachutama, nikachora juu ya sakafu ya saruji ya baraza yao. Aliinama juu yangu, kisha akaona hapati vizuri, akakunja koti lake akachutama na yeye, magoti yakimlia, uso wake karibu na mkono wangu. Nyuma yetu hamali mmoja alifika na mkokoteni uliojaa magunia, akakuta njia imezibwa.

"Polepole hapo," aliniambia Masta, akivua miwani na kuifuta. "Huu mstari unatoka wapi?"

Nikamweleza. Hamali akaegemeza mkokoteni wake, akangoja tumalize.